Kwinteti za piano zenye dabo besi: tukitoka kwa Schubert, tupige nini?

BesiLaZiwa (Kisumu)

Wadau wa nyuzi, kuanzia Kisumu, Kakamega, Eldoret hadi Nakuru.

Piano, vayolini moja, viola moja, chelo moja na dabo besi. Watano hao wakikutana, kinachowekwa kwenye stendi ni kwinteti ya Schubert ya A meja (D. 667), ile ya "Trout". Sina ugomvi nayo. Ila wengi wanaamini mpangilio huo ni wake peke yake, na si kweli. Schubert aliuandika mwaka 1819 kwa sababu Sylvester Paumgartner wa mji wa Steyr, tajiri aliyependa kupiga chelo nyumbani, alimwomba afuate mpangilio wa mtunzi Hummel aliokuwa akiupenda. Tena haikuchapishwa hadi 1829, Schubert akiwa tayari kaburini.

Kwa nini besi badala ya vayolini ya pili? Besi ikishika chini, chelo inafunguliwa. Haina tena kazi ya kubeba msingi, inapanda juu na kuimba. Paumgartner alijua anachokitaka. Kwa hiyo anayetafuta kazi za aina hii aanze kwa kujiuliza: mpiga chelo wetu anaweza kuimba juu? Asipoweza, nusu ya faida imepotea.

Hizi ndizo ningeziangalia kwanza.

Hummel, kwinteti ya E flati maina, Op. 87 (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi). Aliiandika 1802 ikachapishwa 1822. Sehemu nne, dakika kama 20. Ile Largo (sehemu ya polepole) ni fupi, inaingia moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho, kwa hiyo msishushe pinde.

Pia kuna septeti yake (kazi ya vyombo saba) ya D maina, Op. 74, yenye filimbi, obo na honi. Yeye mwenyewe aliipanga upya kwa piano na nyuzi nne, besi ikiwemo.

Dussek, F maina, Op. 41, ya 1799. Besi humo ni ya hiari, inaweza kuachwa. Kwa kundi ambalo mpiga besi wake ana mazoea ya kukosa mazoezi, hii ndiyo bima.

Ries, B maina, Op. 74, ya 1815. Alikuwa mwanafunzi wa Beethoven na inasikika.

Louise Farrenc, mbili: A maina Op. 30 (1839) na E meja Op. 31 (1840).

Onslow, B maina Op. 70 na G meja Op. 76, zote za miaka ya 1840.

Hermann Goetz, C maina, Op. 16, ya 1874. Nzito, ya giza. Kifua kikuu kilimuua 1876, siku chache kabla ya kutimiza miaka 36, na kwinteti ikachapishwa baadaye.

Vaughan Williams, C maina, ya 1903. Nitairudia baadaye maana karatasi zake zina mambo yake.

Mwenye nyongeza alete.

KinandaNakuru

Orodha nzuri, lakini usiwatume watu kwa Hummel bila kuwaonya.

E flati maina ina flati 6. Chukua nyuzi tupu (zisizobanwa kwa kidole) za vayolini: G, D, A, E. Za viola na chelo ongeza C. Za besi: E, A, D, G. Sasa panga skeli ya E flati maina: E flati, F, G flati, A flati, B flati, C flati, D flati. Hakuna uzi mtupu hata mmoja ndani yake, kwa chombo chochote kati ya vinne. Unaoingia ni D pekee, pale noti ya saba inapopandishwa. Maana yake wapigaji hawana mahali pa kupima sauti zao. Kidole kikiteleza kidogo, kinateleza na kila noti inayofuata, na piano haimsubiri mtu. Pia chombo hakivumi, kwa sababu nyuzi tupu zisizoguswa hazina noti ya kuziitikia.

Linganisha na Schubert. A meja: besi ina A, D na E tupu, yaani msingi wa kodi (noti zinazolia pamoja) tatu kuu za ufunguo huo bila kuweka kidole. Ndiyo maana mpiga besi wa kiwango cha kati anasikika mtu mzima kwenye Trout, kisha akihamishiwa kwa Hummel anaonekana hajafanya mazoezi.

Wanaoitaka Hummel wapige kwanza skeli ya E flati maina wote wanne kwa pamoja, polepole, piano ikigonga E flati tu. Wafanye hivyo kila mwanzo wa mazoezi. Bila hivyo msijisumbue.

Tena Hummel alikuwa mpiga piano hodari na aliandika ili aonekane. Piano za Vienna za wakati huo zilikuwa nyepesi, sauti inakufa haraka. Ukizipiga noti zile zote kwenye piano ya leo huku pedali ya kulia imekanyagwa, vayolini inamezwa. Pedali nusu, na mahali pengi hakuna pedali kabisa.

VayoliniKakamega

Swali la watu wa huku. Piano ipo, vayolini zipo, chelo ipo moja. Dabo besi hakuna. Gitaa la besi la kanisani lipo, na kijana analipiga vizuri sana. Haliwezi kushika nafasi hiyo? Au chelo ya pili?

BesiLaZiwa (Kisumu)

Kwa noti, linaweza. Gitaa la besi la nyuzi nne lina E, A, D, G zilezile, na zote mbili husikika oktavu moja chini ya zilivyoandikwa. Hakuna cha kuhamisha.

Shida ni upinde. Angalia mwanzo wa Trout: piano inapandisha mkono, kisha nyuzi zinaingia kimya na besi inashikilia A ndefu, kimya kabisa, ikiwa kama sakafu. Gitaa likidonolewa, A hiyo inaanza kwa kishindo kisha inazimika, yaani kinyume kabisa cha kilichoandikwa. Ukidonoa tena na tena ili isizimike, umeleta ngoma ambayo haipo. Kwa mazoezi litumieni bila wasiwasi, wengine wazoee kusikia msingi ukiwa chini. Amplifaya iwe sakafuni nyuma ya chelo, sauti ndogo kuliko mnavyodhani, na kile kitufe cha besi kirudishwe katikati.

Chelo ya pili ni afadhali kwa upinde lakini ina kasoro yake. Itapiga noti mahali zilipoandikwa, si oktavu chini. Msingi unapanda, unaingia katikati ya mkono wa kushoto wa piano na chelo ya kwanza, na mahali chelo ya kwanza inaposhuka zinapishana: msingi unakuwa juu ya sauti iliyopaswa kuwa juu yake. Kodi inabadilika umbo. Kwenye tofauti ya tatu (wimbo uleule ukirudiwa kwa sura mpya) ya Trout, pale chelo na besi zinapobeba wimbo huku piano ikikimbia juu, wimbo unapoteza uzito wote.

Kwa hiyo kama hakuna besi, pigeni Dussek na muiache besi. Imekusudiwa hivyo.

MamaViola

Dada wa Kakamega, msianze na Hummel wala Goetz. Anzeni na Farrenc, ile ya A maina.

Tena huyu anastahili zaidi ya mstari mmoja aliopewa hapo juu. Alifundisha piano Paris Conservatoire, chuo cha muziki, kuanzia 1842 hadi 1873. Kwa miaka ya mwanzo alilipwa pungufu ya wanaume wa cheo chake, hadi noneti yake (kazi ya vyombo tisa) ilipopigwa 1850, mpiga vayolini mashuhuri Joseph Joachim akiwa mmoja wa wapigaji, ndipo akadai kulipwa sawa na akapewa. Kwinteti mbili zenye besi zilitangulia hayo yote.

Kinachozifanya zifae makundi ya huku ni mgawanyo wa kazi. Piano ina kazi nyingi, lakini haiwaachi wengine wakishika kodi tu ukurasa mzima. Viola haijasahauliwa, na hilo wenye viola wanalijua thamani yake. A maina haina flati wala shapu kwenye alama ya ufunguo, nyuzi tupu zote za kila chombo zimo kwenye skeli. Karibu nusu saa.

Pa kuangalia ni Scherzo, ile sehemu ya mchezo-mchezo. Ni Presto, yaani kasi sana, na kundi lote huanza haraka kuliko besi inavyoweza kusema. Uzi mnene unachelewa kutetemeka: upinde umegusa, sauti bado. Wengine wanamwambia mpiga besi "harakisha", na dawa si hiyo. Upinde uwe umekaa juu ya uzi kabla ya noti, nywele zimeushika, karibu na mkono, noti fupi, aachie mara moja. Mwendo wa sehemu hiyo uamuliwe na besi, si piano.

FundiNyuzi

Mnazungumzia kazi za kupiga na hakuna aliyegusa piano yenyewe. Huku kwetu hapo ndipo mambo huharibika.

Piano za kumbi na makanisa ya Kisumu zinakaa kwenye unyevu wa ziwa. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zikija, ubao wa sauti unavimba, unasukuma daraja (kipande cha mti kinachobeba nyuzi) juu, nyuzi zinakazika. Kiangazi kikija unashuka. Haisogei kwa usawa: noti za katikati zinahama kuliko za mwisho wa chini. Ndiyo maana unaweza kuweka A ya vayolini sawa na piano, halafu besi ikasikika imepotoka ingawa mpigaji wake hana kosa.

Kabla ya zoezi la kwanza, pima kwa programu ya simu. A ya katikati (inayopaswa kuwa hezi 440), kisha A ya oktavu mbili chini yake (110). Ikiwa A ya katikati iko 436 hadi 442, nyuzi zifuate piano na yaishe. Ikiwa 435, mmeshuka senti kama 20 (senti 100 ni nusu-toni moja). Nyuzi bado zinaweza kushuka ila E ya besi inaanza kulegea. Ikiwa 430 mmeshuka senti kama 40, karibu nusu ya nusu-toni. Hapo E ya besi inagonga ubao wa vidole, na chelo inapoteza makali. Ita fundi wa piano.

Mwambieni mapema, si siku ya onyesho. Piano ina zaidi ya nyuzi 200, na kuinua zote kunabadilisha mvuto wa fremu nzima: ukimaliza za juu, za kwanza zimeshuka tena. Fundi mzuri hupita mara ya kwanza kwa haraka akizivusha kidogo juu ya lengo, kisha mara ya pili kwa makini. Baada ya wiki chache itahitaji kuguswa tena. Anayekuahidi kuinua piano iliyoshuka sana kwa kupita mara moja, muulize vizuri. Na piano kuukuu yenye nyuzi zenye kutu isiinuliwe sana, zitakatika.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifanyi. Wapiga nyuzi huchukua A moja kwa piano kisha hupanga nyingine kwa masikio, kwa tano safi (umbali wa noti tano kati ya uzi na uzi). Tano safi ni pana kuliko ya piano kwa senti 2. Kutoka A kwenda D, G hadi C ya viola na chelo ni hatua tatu, kwa hiyo C inakuwa chini ya ya piano kwa senti 6. Ukiwa na kwarteti ya nyuzi pekee, bila piano, hiyo ni sawa. Ukiwa na piano, C hiyo ikishikwa kwa muda mrefu inasikika imekufa. Chukueni kila uzi kutoka kwa piano.

Besi nayo: sikio halipimi vizuri chini kabisa. Gusa katikati ya uzi wa A bila kukandamiza, upate sauti ya oktavu juu, 110, uilinganishe na A hiyo ya piano. Fanya vivyo hivyo kwa D, G na E.

KinandaNakuru

Na za dijitali je? Ndizo nyingi siku hizi.

FundiNyuzi

Zinafaa, kwa masharti. Iwe na funguo 88 zenye uzito. Hizo za funguo 61 zinaishiwa pande zote mbili, na Schubert kwenye Trout anaipeleka piano juu sana, mikono miwili ikipiga wimbo uleule kwa oktavu.

Spika zake zimeelekezwa kwa mpigaji, kwa hiyo yeye anajisikia sana na wengine hawamsikii. Toeni waya kwenda spika ya nje, iwekwe nyuma ya wapiga nyuzi, urefu wa kiuno, isiwe pembeni ya besi. Zimeni mwangwi wa bandia; ukumbi utaleta wake. Faida yake moja kubwa ni kwamba haihami na mvua. Hasara ni stima. Ikipotea katikati ya Scherzo, nyuzi zinabaki zikitazamana. Betri ya dharura ya kompyuta inatosha kumaliza sehemu.

Na kama ukumbi ni wa mabati bila dari, wekeni onyesho asubuhi. Mvua ya Kisumu ya alasiri ikigonga mabati, hata Goetz hatasikika.

Chelo_Nakuru

Kusafirisha besi Kisumu–Kericho–Nakuru, mtu anisaidie. Matatu wamekataa, na nawaelewa.

BesiLaZiwa (Kisumu)

Probox, viti vya nyuma vimelazwa. Besi ya robo tatu, ndiyo saizi ya kawaida, ina urefu wa karibu mita 1.8, shingo inapita kati ya viti vya mbele. Ilazwe kwa ubavu. Isilazwe kwa mgongo, na kamwe isilalie tumbo, daraja litaanguka. Mguu wa chuma urudishwe ndani. Blanketi chini ya bega na chini ya nyonga, shingo iwe hewani kidogo. Usiweke begi juu yake hata kama ni la nguo.

Nyuzi zilegezwe nusu-toni hadi toni moja tu. Ukizilegeza zote kabisa, kile kijiti cha ndani kinachoshikiliwa na mvuto wa nyuzi kitaanguka, na kukirudisha ni kazi ya fundi mwenye chuma maalumu.

Shida halisi ni hewa. Kisumu iko mita 1,131, na unyevu wa ziwa. Nakuru ni karibu 1,850 na kavu zaidi, hasa Januari na Februari. Mbao zinanywea, viungo vya pembeni vinafunguka. Dalili: mlio wa kutetereka kwenye noti fulani tu, mara nyingi G au A. Gonga kingo kwa kifundo cha kidole ukizunguka. Panapolia tupu ndipo palipofunguka. Hapo fundi atumie gundi ya ngozi ya moto. Mtu asikuletee gundi nyeupe ya seremala wala ile ya kukauka papo hapo. Kiungo kimekusudiwa kifunguke kabla ya ubao kupasuka. Ukikigandisha milele, mara ijayo utapasuka ubao wenyewe.

Kinga ya bei ya chini: kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, sponji yenye unyevu ndani, kikae kwenye mfuko wa besi.

Rosini (utomvu mgumu wa kupaka upinde) ya besi pia. Ni laini, na kwa joto la Kisumu inayeyuka na kumwagika ndani ya mfuko. Ihifadhiwe ikiwa wima kwenye kikopo chake, na nunueni ile ngumu zaidi.

MwalimuSolfa

Nije kwenye karatasi. Nyingi za kazi hizi zipo IMSLP, maktaba ya muziki ya mtandaoni, bure, zimepigwa picha kutoka machapisho ya karne ya 19. Mambo ya kujua kabla ya kwenda saiba:

Machapisho ya zamani mara nyingi hayana skoa (karatasi inayoonyesha sehemu za wote kwa pamoja). Kuna karatasi ya piano na karatasi nne za nyuzi, na ya piano haionyeshi wengine wanafanya nini. Hazina namba za vipimo (bar) wala herufi za kuanzia. Mkisimama katikati, hakuna anayejua arudi wapi. Kaeni wote watano na penseli, muandike namba kila mwanzo wa mstari. Kinachowachanganya watu ni mwisho wa kwanza na wa pili wa marudio: mmoja anahesabu vyote viwili, mwingine kimoja, na baada ya ukurasa mmoja mmepishana. Kubalianeni kabla ya penseli kugusa karatasi. Mkifika mwisho wa sehemu, namba zilingane kwa wote. Zisipolingana, kosa limeanzia kwenye marudio au kwenye mapumziko marefu ya viola.

Karatasi za awali zilikuwa kubwa kuliko A4. Ukizichapa A4 noti zinakuwa kama sisimizi, na mpiga besi amesimama mbali na stendi. Kwa besi na piano chapeni A3.

Kwa wapiga besi waliotoka kwenye kwaya na wanaosoma sol-fa tu: inawezekana kuwaandikia, ila si kazi nzima. Sehemu ya nne ya Trout, ile ya tofauti juu ya wimbo wake wa 1817, iko D meja. Wekeni do kwa D. Zile za mwanzo zinakaa hapo. Ya nne inaingia D maina: la ihamie D. Ya tano iko B flati, do mpya. Baada ya hapo rudini D. Sehemu ya kwanza msijaribu, ufunguo unahama mno na karatasi itajaa mabano. Afadhali mtu ajifunze stafu ya besi. Noti zenyewe si nyingi.

MamaViola

BesiLaZiwa uliahidi Vaughan Williams.

BesiLaZiwa (Kisumu)

Naam. Aliiandika 1903, akaitengeneza tena 1904 na 1905, ikapigwa London Desemba 1905, kisha akaiondoa kabisa mwaka 1918. Ilichapishwa 2002 tu. Kwa hiyo msiitafute kwenye picha za bure. Alifariki 1958 na Uingereza haki za mtunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo. Karatasi zinunuliwe kwa mchapishaji. Faida ya kununua ni kwamba zina skoa, zina namba, zinasomeka.

Ni sehemu tatu, karibu nusu saa, piano nzito ya namna ya Brahms. Kwa kikundi kipya naiona kubwa. Wimbo wa sehemu ya mwisho aliurudia kwenye sonata yake ya vayolini ya 1954, kwa hiyo aliiondoa kazi lakini hakuusahau wimbo.

Chelo_Nakuru

Tukiwa sita? Kuna viola wawili hapa, na hatutaki kumwacha mtu nje.

KinandaNakuru

Seksteti ya Mendelssohn ya D meja: piano, vayolini moja, viola mbili, chelo, besi. Namba ya Op. 110 isiwadanganye, ni ya 1824, akiwa na miaka 15. Ilichapishwa 1868, yeye hayupo tena. Piano ndiyo inayoongoza karibu yote, nyuzi zinasindikiza, kwa hiyo tafuteni mpiga piano kwanza.

Mkiwa na vayolini mbili na viola moja, basi ni Glinka, E flati meja, ya 1832, au Sterndale Bennett, F shapu maina, Op. 8, ya 1835. Glinka ndiyo rahisi kusikilizwa na watu wasiozoea.

VayoliniKakamega

Asanteni. Tumeahidiwa besi ya kuazima. Tukiipata, ratiba ya saa moja iweje?

MamaViola

Farrenc A maina nzima, mapumziko, kisha sehemu ya nne na ya tano za Trout. Msiipige Trout yote, ni karibu dakika 40 na mazoezi yenu hayatatosha kwa zote mbili. Besi ikifika, iacheni ndani ya ukumbi huo siku kadhaa kabla ya zoezi la kwanza, na mwambieni aliyeazima aache upinde wake pia. Upinde wa chelo ni mwepesi mno kwa uzi wa E.